Sindano Kumi za Asubuhi

Wiki iliyopita binti wa marehemu kaka yangu alinijia na mfuko mkubwa, akauweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo, akasema, "Shangazi, nimekuletea blanketi la mama. Limeanza kuachia pembeni. Nipitishie mashine hapo, dakika tano tu."

Dakika tano. Huu ni mwaka wangu wa arobaini na moja kwenye cherehani. Mtaa mzima unaniita Fundi Rula, wenye adabu kwa sababu mshono wangu umenyooka, na wasio na adabu kwa sababu rula yangu ya mbao imewahi kutua mgongoni mwa mteja mmoja aliyenifokea dukani kwangu. Pindo lile ningelipitisha mashine nimefumba jicho moja. Lakini nilimwambia mtoto huyu, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, kwamba akilisogeza blanketi hilo karibu na cherehani yangu tutakosana mpaka wajukuu.

Akanitazama. "Kwani nimesema nini, Shangazi?"

Hakusema kibaya. Ni kwamba hajui. Miaka ile alikuwa mbali, chuo cha uuguzi na baadaye kazini, na mama yake hakuwa mtu wa kusimulia yaliyompata. Basi nikamwambia avue viatu, akae, asikilize. Na wewe nakusimulia hivyohivyo, na sehemu za kuniaibisha sitaziruka.

Mama yake alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Mtaani aliitwa Mama Taipu, kwa sababu alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali, ghorofa ya pili, dirisha la tatu kutoka kwenye ngazi. Ukipita chini saa nne asubuhi ungesikia mashine saba zinagonga, na ya kwake ungeijua tu: sita zinatembea, moja inakimbia. Wakubwa walikuwa wanaviziana nani awahi kumpelekea barua zake. Alivaa sketi za kubana nilizomshonea mimi, kucha kazipaka rangi ya zambarau, na siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimvuta kaka pembeni nikamuuliza, "Huyu atasugua sufuria kwa vidole vipi?"

Kumbe kanisikia. Akasugua sufuria zote, na zile nyeusi za nje akazisugua, kisha akaja kuniwekea mikono yote miwili mbele ya uso, kucha hazijachubuka hata moja. "Hesabu, wifi," akasema. "Kumi."

Tangu siku hiyo tukawa mawifi wa kutaniana, si wa kununiana, na mawifi wa namna hiyo hawajazi kiganja. Mpaka leo vidole vile navikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura yake ya ujana.

Ugonjwa ulianzia kidole kidogo cha mkono wa kulia. Asubuhi kinakataa kukunjuka, ikifika saa tano kinatii. Tukasema ni baridi, tukasema ni uchovu wa kazi, tukapaka hiki na kile. Mwaka haujaisha vidole vyote vimeshikwa, vikafuata viwiko, yakafuata magoti. Hospitali wakampima damu wakasema ni baridi yabisi, ile inayokula viungo, na kwamba hiyo si ya kupona, ni ya kuishi nayo. Wifi akamuuliza daktari, "Na yenyewe imekubali kuishi na mimi?" Daktari akacheka. Mimi nilitoka nje nikaenda kulia kwenye benchi la kwanza nililoliona, na kumbe lilikuwa la wajawazito, maana dada mmoja aliniuliza kwa upole yangu ina miezi mingapi.

Alivumilia kazini miaka minne zaidi. Siku ya kumuaga, ofisi ikampa zawadi ya saa ya ukutani, ile ya kutia ufunguo. Mtu hawezi kufungua kizibo cha chupa, wanampa saa ya kuzungusha ufunguo kila Jumapili. Nikawa naizungusha mimi, huku nawasema ofisi nzima mmoja mmoja. Kaka, ambaye alikuwa makenika wa malori, akatutoka mwaka uliofuata. Binti yuko chuoni. Nikamwambia wifi ahamie kwangu, kwenye chumba cha nyuma ya duka, na hakunibishia. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali yake si ile anayoionyesha.

Sasa pale hospitali kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi. Alimpa mpira laini aufinye mara hamsini asubuhi, hamsini jioni. Akatuambia vidole visipopewa kazi vitaganda, na vikishaganda havirudi. Wifi aliufinya siku mbili. Siku ya tatu akamtupia paka.

"Nimeandika barua za mawaziri mimi," akasema. "Leo nikae nafinya mpira?"

Akaniomba nimsogezee boksi lililokuwa chini ya meza ya kukatia, ninakotupia vipande vya vitambaa vinavyobaki. Akamwaga kitandani akaanza kuchagua. Kulikuwa na kaki ya sare za shule, nyeupe ya manesi, bitana ya buluu ya koti la bwana harusi mmoja aliyenenepa kati ya kupimwa na kuoa, maua ya mapazia ya ile nyumba ya kona. Akasema atashona blanketi la vipande, yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

"Na usiweke hata mshono mmoja, wifi," akaniambia. "Ukiweka wako nitaujua."

"Wangu kila mtu ataujua," nikamjibu. "Utakuwa ndio ulionyooka."

Akacheka mpaka akashika kiwiko, kwa sababu hata kucheka kulikuwa kunamuuma.

Sindano ya kawaida vidole vilikuwa haviioni. Nikampa ile nene ya kushonea magodoro. Kuisukuma alisukuma kwa kiganja, nilichomfungia kipande cha ngozi ya kiatu. Kuivuta aliivuta kwa koleo dogo la marehemu kaka, lililokuwa bado linanuka grisi. Anasukuma, anapumzika, anashika koleo, anavuta mpaka uzi ukaze, anapumzika tena. Kutunga uzi ndio kabisa hakuweza, basi kila asubuhi kabla sijafungua duka nilimtungia sindano kumi, nikazichomeka kwenye mche wa sabuni ili ziteleze vizuri kwenye kitambaa. Siku nzuri alimaliza sita, au saba. Siku mbaya moja. Zilikuwepo siku alizolishika koleo tu, akalitazama, akalirudisha mahali pake. Kumi hakuwahi kufikisha, lakini siku niliyotunga tisa alizihesabu akanirudishia mche wangu wa sabuni. "Umeshanikatia tamaa, wifi?" Nikatunga ya kumi nikiwa nimeinamisha macho.

Ikawa ndiyo salamu ya nyumba yetu. Binti akipiga simu haulizi habari wala hujambo. Anauliza, "Mama, leo sindano ngapi?" Akitajiwa namba anajua yote, kama mama yake kalala, kama kala, kama kwetu kumeamka na baridi.

Mshono wenyewe sasa. Sitaki kumsema marehemu, lakini ulikuwa wa kutia huruma. Hapa mshono mrefu kama pingili ya kidole, pale mitatu imepandana, mstari unaanza ukingoni unaishia katikati ya kitambaa unatafuta njia. Nilikuwa nikiutazama mkono unaniwasha. Nikamwambia mara nyingi aniachie nimsaidie kidogo tu. Akanijibu, "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Vyangu kumi vimeshindwa, na chawa anatamba. Niache nipambane naye mwenyewe."

Ningemwacha. Lakini mwaka wa tatu, blanketi limeshafika upana wa kitanda, wifi akalazwa wiki tatu kwa ajili ya nyonga. Blanketi likabaki limekunjwa kwenye kiti dukani. Mwalimu mkuu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaja kupimwa gauni, akalifunua, akaligeuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayenionea aibu, "Fundi Rula, na hii ni kazi yako?"

Nikamwambia siyo, tena haraka haraka. Nilimkana wifi yangu hata mama wa watu hajamaliza kuuliza.

Alipoondoka nilikaa nikalitazama. Nikajiambia maskini wifi, anateseka miaka mitatu na matokeo ndiyo haya. Nikajiambia akirudi alikute limenyooka, atafurahi, atajifunika kitu cha maana. Kiherehere kikiwa na utaalamu ndani yake hakina dawa. Nikachukua wembe. Kazi ya miaka mitatu ilifumuka kwa siku nne. Kisha nikakaa kwenye cherehani nikaunga vipande vyote upya, kona kwa kona, mstari kwa mstari, na nilikuwa naimba, Mungu anisamehe.

Siku aliyorudi nilikuwa nimelitandika kitandani kwake. Alisimama mlangoni na mkongojo wake. Akasogea, akakaa, akalipapasa kwa nyuma ya mkono, maana ncha za vidole zilikuwa zinauma. Akaligeuza upande wa ndani. 

"Umeshona vizuri, wifi," akasema.

Basi. Kesho yake asubuhi nikapeleka sindano kumi kwenye sabuni kama kawaida. Akauliza, "Za nini? Kazi si imeisha."

Nilidhani atanuna siku tatu. Ilipita miezi minne. Kila asubuhi natunga, kila jioni nachomoa nyuzi. Alikuwa mpole, anakula, ananiuliza habari za wateja, na mikono kaiweka mapajani. Binti akapiga simu kuuliza sindano ngapi, akaambiwa mama anapumzika. Mwezi wa tatu vidole viwili vya mkono wa kulia vikajikunja kuelekea kiganjani na havikukunjuka tena, si saa tano wala saa kumi. Tulipokwenda hospitali yule mtaalamu aliushika ule mkono akauliza, "Ile kazi yake ameacha?" Hakuniuliza mimi, lakini nilitamani sakafu inimeze.

Mimi nina tabia mbaya: nikijua nimekosa, nakasirika. Asubuhi moja nilibamiza mche wa sabuni mezani. "Miezi minne natunga sindano kama mwendawazimu," nikamwambia. "Unanikomoa mimi au unajikomoa mwenyewe?"

Hakupandisha sauti. "Wifi," akasema, "mimi navalishwa. Nachanwa nywele. Nakatiwa nyama kama mtoto. Chooni unanisubiri mlangoni. Yote hayo nimeyakubali, na ninakushukuru, wala sijawahi kukuambia maumivu yanavyonipata saa tisa usiku kwa sababu ungelala macho bure. Kitu kimoja tu kilikuwa kinatoka kwenye mikono hii. Kimoja. Kilikuwa kibaya, naona, macho ninayo. Lakini ukikishika ulijua kuna mtu ndani yake. Nawe umekisahihisha."

Niliingia dukani nikafunga mlango mchana kweupe, na mteja akagonga mpaka akachoka.

Mchana huohuo nikaanza kufumua kazi yangu. Sasa mshono wa mashine si kama wa mkono. Ni mdogo, umebana, na mimi nilikuwa nimeupitisha mara mbili, kwa sifa. Ulinichukua wiki sita, kila siku baada ya saa nane, na wembe uliniachia alama hii kwenye kidole gumba. Vipande vyote nikavitia kwenye beseni, nikampelekea.

"Nimekurudishia," nikasema.

Akachukua kimoja, cha kaki. Akakiinua kuelekea dirishani, na kwenye mwanga tukaona matundu. Kaki haisahau sindano. Yake yalikuwa makubwa, yanayumbayumba. Yangu madogo, mengi, yamenyooka pembeni yake. Akakigeuza huku na huku.

"Mchwa wana huruma kuliko wewe," akasema.

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio, na yeye akaniacha nilie. Kisha akanyoosha mkono, ule wenye vidole vitatu vilivyobaki. "Nitungie."

Maji yakimwagika hayazoleki. Lile blanketi la kwanza lilishonwa na mikono ambayo bado ilikuwa inaweza kidogo, na mimi niliifumua ile kazi. La pili, hili lililomo kwenye mfuko, limeshonwa na mikono iliyobaki. Lilichukua miaka sita. Siku nzuri zikawa za sindano tatu. Mshono ukawa mbaya kuliko ule uliomshtua mwalimu, na mimi nikaupenda, naapa, nikawa nawaonyesha wateja bila kuulizwa. Wifi alinisamehe, tena kwa moyo, sina shaka. Mimi ndiye ambaye sijamaliza. Mtu akiniuliza nimewahi kumuumiza nani maishani, namtajia miezi ile minne.

Ikabaki pindo. Pande tatu alizishona mwenyewe. Upande wa nne, mchana mmoja wa mvua, koleo likamponyoka mara tatu mfululizo, na mara ya tatu hakuomba aokotewe.

"Wifi," akasema, "malizia wewe."

Nikaichukua sindano, nikakaa vizuri karibu na dirisha. Hata sijachoma, akaniambia, "Hapana. Shika kwa mkono wa kushoto. Huo wa kulia unajua mno."

Umewahi kushona kwa mkono usio wako? Nilijichoma, nilitoka jasho, uzi ulifunga mafundo, mshono ulikwenda ulikotaka. Kufika jioni shingo imekakamaa na bega linawaka, na mimi sina ugonjwa wowote. Yeye kaegemea mto ananitazama kama msimamizi wa mtihani.

"Sindano ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Pole," akasema. "Kesho utaamka tena." Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi ya kumtungia, nikaelewa nilikuwa natunga nini.

Siku tano nikamaliza upande ule. Blanketi lenyewe likawa zito, magoti yake hayakuliweza, akawa anajifunika kuanzia kiunoni kwenda juu tu na kusema upande wangu, unaomfika shingoni, nimeushona wa kumnyonga. Alikuwa nalo miaka miwili. Alfajiri aliyotutoka, mkono ulikuwa umelala juu ya kile kipande cha kaki.

Hayo ndiyo niliyomsimulia binti. Alikuwa analipapasa blanketi. Yeye ni nesi, ameshika mikono mingi ya namna ile, lakini ya mama yake tulimficha.

"Haya, lete tuone palipoachia," nikasema. Nikavaa miwani.

Tukalitandaza juu ya meza ya kukatia. Tukapita upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tukapita katikati, kipande kwa kipande, kaki, nyeupe, bitana ya bwana harusi. Mishono ile mirefu, mifupi, iliyopandana, iliyopotea njia, hakuna hata mmoja ulioachia. Kila mmoja ulivutwa kwa koleo mpaka mwisho, na miaka yote hii umeshika. Palipofumuka ni upande wa nne, kuanzia kona mpaka kona. Mshono wangu.

Binti aliona wakati uleule nilipoona mimi. Ana adabu, hakucheka. Akasema taratibu, "Basi huu ni wako, Shangazi. Wa kwako si unaweza kuupitisha mashine?"

Nikamwambia afungue droo ya chini. Koleo lilikuwa mle, limeanza kutu, akalifuta kwa tone la mafuta ya cherehani. Macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano, kwa hiyo nikampa uzi na mche wa sabuni, anitungie. Alitunga nane akaanza kurudisha uzi. Nikamwambia ahesabu vizuri. Akatunga mbili zaidi.

Jana jioni akapiga simu. Hakusema hujambo.

"Shangazi, leo sindano ngapi?"

Nilikuwa nimeanza asubuhi, kwa mkono wa kushoto, navuta kwa koleo. Nikautazama mche wa sabuni.

"Moja na nusu," nikamwambia.